Kazuko ni mtoto wa amani ipi?

Tafuta jina Kazuko katika orodha yoyote ya majina ya watoto, utaambiwa maana yake ni "mtoto wa amani". Orodha nyingine zitasema "mtoto wa maelewano", nyingine "mtoto wa kwanza", kisha zinarukia jina linalofuata. Nazipinga orodha hizi kwa sababu moja kubwa. Kazuko ndilo jina lililoongoza kwa wasichana wa Japani katika miaka ile ile ambayo nchi hiyo ilivamia China, ikashambulia Pearl Harbor, ikateketezewa miji yake na hatimaye kuangushiwa mabomu mawili ya atomiki. Mabinti hao wakiitwa watoto wa amani, tuna wajibu wa kuuliza ni amani ipi iliyokusudiwa, na nani aliyekuwa akiifafanua.

Tuanze na maandishi, maana huko ndiko orodha zinakopotea njia. Mjapani akisikia "Kazuko" bado hajalijua jina lenyewe; atauliza linaandikwaje. Sauti "kazu" huandikwa kwa herufi kadhaa za kanji, yaani herufi zilizotoka China: iko 和 ya upatanifu, 一 ya moja, 数 ya hesabu, 寿 ya maisha marefu. Mwandishi Kazuo Ishiguro, aliyezaliwa Nagasaki na kukulia Uingereza, "kazu" yake ni ile ya moja. Kwa hiyo wanaosema Kazuko ni mtoto wa kwanza wako sahihi, ila wanamzungumzia Kazuko mwingine. Upande wa pili mambo ni magumu zaidi, kwani herufi 和子, ambazo ndizo za akina Kazuko wengi, zinaweza pia kusomwa Masako, Yasuko, Yoriko au Tomoko. Binti wa shoguni (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Hidetada, aliyezaliwa mwaka 1607, aliandikwa 和子. Inasimuliwa kwamba alipoingia kasri la Kyoto mwaka 1620 kuolewa na Mfalme Go-Mizunoo, usomaji wa jina lake uligeuzwa kutoka Kazuko kuwa Masako, kwa kuwa sauti nzito ya "z" haikupendeza masikioni mwa watu wa kasri. Maandishi yalibaki vilevile. Kilichohama ni matamshi.

Ile "ko" ya mwisho ndiyo inayotafsiriwa "mtoto", na tafsiri hiyo imewafanya wengi waidhani ni neno la kumdogosha mwanamke. Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kuielewa, kwa sababu sisi tuna "mwana". Mwana ni mtoto, lakini katika pwani ya kaskazini Mwana ni heshima ya mwanamke wa ukoo mkubwa, kama alivyoitwa Mwana Kupona, mshairi wa Pate na Siyu. Herufi 子 ilikuwa na nyuso hizo mbili huko China: mtoto, na pia bwana mwenye elimu. Ndiyo iliyomo katika majina ya wanafalsafa Confucius na Mencius yanapoandikwa kwa Kichina.

Ilipofika Japani waliotangulia kuivaa walikuwa wanaume. Ono no Imoko, balozi aliyetumwa China mwaka 607, alikuwa mwanamume, ingawa jina lake lina herufi ya dada mdogo pamoja na hiyo "ko". Soga no Umako, kigogo wa siasa aliyefariki mwaka 626, naye alikuwa mwanamume. Mambo yalianza kugeuka mwanzoni mwa karne ya 9, katika enzi ya Mfalme Saga, pale "ko" ilipofanywa desturi ya majina ya mabinti wa mfalme, kisha ikasambaa kwa wanawake wa makabaila wa kasri. Wanaume wakaiacha. Tangu hapo kwa karne nyingi jina lenye "ko" lilikuwa jina la kwenye hati, jina la mwanamke aliyetambuliwa na kasri. Hojo Masako, mjane wa shoguni wa kwanza wa Kamakura na mmoja wa wanawake wenye nguvu kubwa katika historia ya Japani, alipewa jina la Masako mwaka 1218 alipopandishwa daraja la kasri. Alikuwa ameshapita miaka sitini. "Masa" ilichukuliwa kwa baba yake, Tokimasa. Jina aliloitwa na mama yake utotoni halimo katika kumbukumbu.

Mwanamke wa shambani au wa dukani hakuwa na "ko". Aliitwa Ume, Matsu, Kiku, Tsuru, Haru: mplamu wa maua ya baridi, msonobari, krisantimamu, korongo, majira ya kuchipua. Yalikuwa majina ya silabi mbili, na mara nyingi yalitanguliwa na "O" ya upole, kama O-Kiku. Yalikuwepo pia majina ya Tome, "komesha", na Sue, "mwisho", yaliyotolewa na wazazi waliotaka mtoto huyo awe kitinda mimba. Mwaka 1872 serikali ya Meiji ilipoandikisha raia wote katika madaftari ya familia, yaitwayo koseki, wanawake wengi sana waliingia humo kwa majina mafupi kama hayo, tena kwa herufi za sauti tu bila kanji.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi katika historia yote ya "ko". Hakuna sheria iliyowapa wanawake wa kawaida herufi hiyo. Waliitwaa wenyewe. Tsuda Ume, aliyezaliwa mwaka 1864 na kupelekwa Marekani kusoma akiwa na miaka sita tu, alijiandikisha rasmi kuwa Umeko mwaka 1902, baada ya kufungua shule ya elimu ya juu ya wanawake jijini Tokyo. Kwa jina hilo la kujichagulia ndiyo sura yake imo katika noti ya yeni 5,000 tangu Julai 2024. Mshairi Yosano Akiko alizaliwa akaitwa Sho. Akiko alijipa mwenyewe, kwa kuchukua kanji isomwayo "sho" kama jina lake, ambayo pia husomwa "aki", na kuiongezea "ko". Mwandishi Higuchi Ichiyo, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Natsu, alikuwa akitia sahihi ya Natsuko. Wanawake hawa walichukua alama ya kasri wakaiweka juu ya jina la mtaani, na mabinti waliowafuata wakazaliwa tayari wakiwa nayo. Katika orodha za kampuni ya bima ya maisha ya Meiji Yasuda, ambazo zinarudi nyuma hadi mwaka 1912, jina la kwanza la wasichana mwaka huo ni Chiyo, lisilo na "ko". Muongo mmoja baadaye mambo yamegeuka kabisa: kuanzia mwaka 1921 hadi katikati ya miaka ya 1950, majina kumi ya juu ya wasichana yote yanaishia na "ko".

Sasa tuje kwenye 和 yenyewe, maana hapa ndipo pana uzito. Husomwa "wa". Mwaka 604, kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi iliyokamilishwa mwaka 720, Mwanamfalme Shotoku alitoa maagizo kumi na saba kwa watumishi wa serikali, na agizo la kwanza kabisa linasema "wa" ithaminiwe na kusiwe na uasi. Yaani tangu mwanzo neno hili lilizungumzia mpangilio wa watu chini ya mamlaka. Utulivu wa moyo lilikuwa nao, lakini haukuwa peke yake. Halafu kuna maana ya pili. Wachina wa kale waliiita Japani "Wa" kwa herufi nyingine, isiyo ya heshima, na katika karne ya 8 Wajapani wakaibadilisha kwa hii nzuri. Ndiyo maana hadi leo 和 ni Japani yenyewe: washoku ni chakula cha Kijapani, wafuku ni mavazi ya Kijapani, washi ni karatasi ya Kijapani. Yamato, jina la kale la nchi, huandikwa 大和, "wa kuu". Mzazi anayemwandika binti yake 和子 anaandika upatanifu, na kwa mkono huo huo anaandika taifa.

Jina hili lilikuwepo kabla ya kuwa maarufu. Binti wa Yoshida Shigeru, mwanadiplomasia ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliitwa Kazuko na alizaliwa mwaka 1915. Mlipuko wenyewe una tarehe: Desemba 25, 1926. Siku hiyo Mfalme Taisho alifariki, mwanawe Hirohito akarithi, na zama mpya zikatangazwa kwa jina la Showa, 昭和. Maneno hayo yalitolewa katika kitabu cha kale cha Kichina kinachosifu utawala uliowafanya watu wang'ae na mataifa yote yapatane. Mwaka wa kwanza wa Showa ulidumu wiki moja tu, kwa hiyo mwaka 1927 ukahesabiwa kuwa wa pili, na jina lililoongoza kwa wavulana likawa Shoji, 昭二, yaani "sho" pamoja na mbili. Mwaka uliofuata likaongoza Shozo, 昭三, "sho" pamoja na tatu. Wavulana walipokea nusu ya kwanza ya jina la zama pamoja na namba ya mwaka, mithili ya muhuri. Kwa wasichana nusu ya pili ndiyo iliyoshika, na Kazuko likapanda nafasi ya kwanza mwaka huo huo wa 1927. Halikuondoka hapo, isipokuwa kwa kupokonywa kwa muda mfupi, hadi karibu na mwaka 1950.

Kwa hiyo Kazuko wa mwaka 1927 alikuwa kwanza kabisa mtoto wa Showa. Jina lake lilikuwa tarehe. Naliweka hili mbele ya maana nyingine zote, kwa sababu wazazi waliotoa jina hilo mwaka huo walikuwa wakiingia katika zama zilizoahidi mwangaza na mapatano, na sina sababu ya kudhani hawakuiamini ahadi hiyo.

Miaka minne baadaye jeshi likaiteka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Mwaka 1937 vita kamili vikaanza China, na mwaka huo huo Wizara ya Elimu ikasambaza mashuleni kitabu cha itikadi ya dola, ambacho ndani yake "wa" ilipewa nafasi ya pekee. Ilifundishwa kwamba upatanifu wa kweli ni kila mtu kukaa mahali pake, kutekeleza wajibu wake na kujitoa kwa ajili ya Mfalme, na kwamba ubinafsi wa nchi za Magharibi ndio adui wake. Kazuko mwenye miaka kumi alikuwa darasani. Herufi ya kwanza ya jina lake, aliyoizoea katika madaftari yake, ilikuwa sasa fundisho la utii. Meli kubwa kuliko zote za kivita iliyopata kuundwa wakati huo iliitwa Yamato, nayo ina herufi ile ile. Ilizamishwa Aprili 7, 1945, pamoja na mabaharia wengi waliokuwamo.

Majina ya wavulana yalifuata vita hatua kwa hatua. Kwanza likaongoza Isamu, "jasiri". Kisha, kuanzia mwaka 1942 hadi 1945, Masaru, "shinda". Mwaka 1946, nchi ikiwa na njaa, likaja Minoru, neno la nafaka inayoiva. Ukiisoma safu hiyo ya juu kwenda chini unaisoma vita na matokeo yake. Geukia sasa safu ya wasichana ya miaka hiyo hiyo. Ni Kazuko, Kazuko, Kazuko. Lilitikiswa mwaka 1940, Noriko lilipopanda kileleni kwa sababu serikali ilikuwa ikiadhimisha miaka 2,600 ya hadithi ya kuanzishwa kwa taifa na herufi ya "nori" imo katika neno la hesabu hiyo ya miaka. Kisha Kazuko likarudi.

Wapo watakaosema kwamba hapa ndipo tunapoona upendo wa amani uliofichwa na akina mama. Ningependa iwe hivyo, lakini ushahidi hauniruhusu. Sheria ya kiraia ya mwaka 1898 bado ilikuwa inatumika, na chini yake mke hakuweza kufanya mambo mengi ya kisheria bila idhini ya mumewe, huku familia nzima ikiwa chini ya mkuu wa nyumba. Ile "wa" aliyotakiwa kuwa nayo msichana ilikuwa ni ya kutotibua nyumba: kukubali, kunyamaza, kulainisha. Mvulana alipewa jina la kumpeleka mstari wa mbele, msichana akapewa jina la kushikilia kilichobaki nyuma. Dola iliyapenda yote mawili. Ndiyo maana Kazuko halikuhitaji kubadilishwa vita vilipoanza, lilikuwa limeshafaa.

Na halikuhitaji kubadilishwa vilipokwisha. Hapa ndipo jina hili linaponishangaza. Neno la Kijapani la amani, kwa maana ya kutokuwa na vita, ni heiwa, 平和, na nusu yake ni herufi ya Kazuko. Baada ya Agosti 1945 neno hilo likawa kila mahali: katika utangulizi wa katiba mpya na katika kifungu chake cha 9 kinachoikataa vita, katika jina la bustani ya kumbukumbu ya Hiroshima, katika nyimbo za shule. Wazazi wa mwaka 1947 waliomwandika mtoto wao 和子 walikuwa wakiandika herufi ambayo maana yake ya mbele ilikuwa imehama. Iliyokuwa utii ikawa kukataa vita. Na maana hiyo mpya ikawarudia pia wale waliokwisha kuzaliwa. Kazuko aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka 1927 alikuwa na miaka kumi na minane vita vilipokwisha. Aliponusurika aliweza kupiga kura Aprili 1947, miezi kadhaa kabla sheria ya zamani ya familia kufutwa. Jina lake halikuongezwa wala kupunguzwa nukta. Yule Kazuko wa Yoshida, aliyezaliwa kabla ya yote haya, Septemba 1951 alifuatana na baba yake hadi San Francisco kwenye kutiwa saini kwa mkataba wa amani, na huko nadhani hakuna aliyeuliza "wa" yake ilikuwa ya namna gani.

Hii ndiyo sababu nasema "mtoto wa amani" si jibu. Ni jibu la baada ya 1945 linalobandikwa juu ya watoto wa 1927 na 1938. Linawaondolea wazazi wao matumaini waliyokuwa nayo, linaiondolea dola lawama yake, na linawafanya wanawake wenyewe waonekane kama walizaliwa wakijua mwisho wa hadithi. Jina la Kijapani lina maana pale unapoweka pamoja herufi, mwaka, na sheria iliyokuwa ikitawala wakati huo. Ukikosa kimoja unabakiwa na pambo.

Kushuka kwa Kazuko hakuhitaji maelezo marefu. Keiko na Yoko yaliipita katika miaka ya 1950. Mwaka 1959 Mwanamfalme Akihito alipomwoa Shoda Michiko, msichana asiye wa ukoo wa makabaila, Michiko nalo likapanda. Mwaka 1965 Akemi likaongoza bila "ko", na kufikia miaka ya 1980, Ai likiwa juu, "ko" ilikuwa inatoweka katika kumi bora. Herufi iliyochukuliwa kwa fahari ikawa ya kila mtu, na wazazi wenye watoto wachache wakatafuta kitu cha mtoto wao peke yake. Serikali nayo ilikuwa ikiongeza malighafi: mwaka 1946 herufi zilipunguzwa hadi 1,850 za matumizi ya kawaida, mwaka 1951 zikaongezwa 92 kwa ajili ya majina, na leo mzazi ana karibu 3,000 za kuchagua. Kasri peke yake halikuyumba. Binti wa mfalme wa sasa, aliyezaliwa Desemba 2001, ni Aiko, jina lililotolewa katika maneno ya Mencius kwamba anayependa watu hupendwa na watu. Baada ya safari ya zaidi ya miaka elfu moja "ko" inaelekea kubaki kule ilikoanzia kuwa ya wanawake.

Lakini akina Kazuko wenyewe bado wapo, wengi wakiwa katika miaka ya themanini na tisini, na ni sasa hivi ambapo dola imeanza kuwauliza swali ambalo haikuwahi kuwauliza. Koseki ilikuwa ikiandika herufi tu. Sauti ya jina haikuwa na nafasi rasmi ndani yake. Mwanamke angeweza kuishi miaka tisini akiwa 和子 katika daftari bila daftari hilo kujua kama ni Kazuko, Masako au Yasuko. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2023 ilianza kutumika Mei 26, 2025, na sasa usomaji lazima uandikwe. Manispaa zilianza kupeleka barua majumbani zenye usomaji zinaoufahamu kutoka kwenye kumbukumbu zao, ili mwenye jina aseme kama ni sahihi. Shabaha kubwa ya mjadala ilikuwa majina mapya ya kubuni, ambayo herufi zake husomwa kwa namna isiyotarajiwa, na mifumo ya kompyuta inayohitaji sauti ili kutafuta watu. Watoto wa kesho watanufaika. Kwa kizazi cha Showa nina ombi moja kwa maofisa na kwa wajukuu wanaowasaidia bibi zao kujibu barua hizo: msikubali upesi kwamba 和子 lazima ni Kazuko kwa kuwa ndio usomaji wa wengi. Muulizeni mwenyewe aliitwaje nyumbani kwao, na mkiwa naye hapo, muulizeni alizaliwa mwaka gani na nani aliyemchagulia hiyo "wa".